Stori za Jaba, Lakini Leta Kipimajoto

Ukitaka kujua kama msee ni wa sayansi kweli, usimuulize alisomea nini. Mshow tu ati maji ya Nairobi haichemkangi poa kama ya Mombasa, afu umcheki uso. Msee wa kawaida atasema "eeh, inaeza kuwa" arudie chapo yake. Mgonjwa wetu wa sayansi ataweka kikombe chini, apanguse mdomo, aulize: "Haichemki poa kivipi? Inachemka kwa digrii ngapi? Na nani alipima?" Huyo ndio wetu. Mwekee strungi nyingine, ju hio jioni ishaisha.

Kwa mtaa wetu hawa watu wako, ni vile tu hawavai makoti nyeupe. Kuna fundi wa masimu. Kuna dem anafanya maabara ya kliniki flani. Kuna konda wa mathree alipata A ya fizikia form four, karo ya kuendelea ikagoma, na hadi wa leo akikurudishia chenji anakuongezea hesabu ya kasi na umbali bila kuombwa. Na kuna mimi, naandikanga tu. Tunapatana kwa kibanda ya mathe wa chapo madondo, pale nyuma ya stage, na sheria ni moja: dai chochote, hadi kama ni stori ya jaba, bora useme itapimwa aje. Ukikosa njia ya kupima, bili ya meza yote ni yako.

Hio sheria imetuokolea taimu mob. Inaua mabishano ya majini na ya nani mkali kati ya Messi na Ronaldo, inabakisha yale matamu. Na imenionyesha ucheshi wa masayantisti unakaa wapi. Haukai kwa zile tisheti za fomula, ati ukielewa cheka, usipoelewa pole. Kuvaa hizo ni kama kutingisha funguo za gari ukiwa ndani ya mathree. Kicheko yenyewe iko kwa mtu mzima, akili timamu, amesimama juu ya sufuria ya wenyewe na kipimajoto mkononi.

Na hio ilitokea, basi wacha niianze.

Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Hewa iliyotukalia kichwani ni kidogo kuliko ile imekalia Mombasa, kwa hivyo presha inayokandamiza maji imeshuka, na molekuli zinapata upenyo wa kuhepa mapema. Mombasa maji inatokota ikifika digrii 100. Nairobi inatokota kwa 94 hivi. Nyahururu, mita 2,300 na ushee, ni kama 92. Panda hadi Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, na maji itakuchemkia kwa kama 83, na hapo hata uwashe nare ya jehanamu haipandi tena. Hapo ndio watu hukataa. "Si ukiongeza moto, maji inakuwa moto zaidi?" Zii. Maji ikishaanza kutokota, moto wote wa ziada unaenda kwa mvuke. Unachoma gesi yako kufurahisha dirisha.

Konda kuskia hivyo akatoa hukumu: kumbe watu wa Nairobi tunamanganga githeri mbichi tangu tuzaliwe. Mathe alimwangalia na ile jicho ya mtu alianza kuuza githeri kabla konda hajaota meno. Ikawa lazima ipimwe. Dem wa maabara akakuja na kipimajoto kwa mkoba, na swali la kwanza la mathe lilikuwa, "Hiyo imetoka kwa mgonjwa gani?" Alipoapiwa ni mpya, haijawahi guswa na mtu, akakubali, lakini kwa maji ya ndengu, si ya chai. Ikaingizwa. Ikasoma 96.

Kelele! Ju fizikia ilikuwa imesema 94.

"Hio ni chumvi," fundi akadai. Sawa, chumvi inapandisha kiwango cha kuchemka, hio ni ukweli. Lakini hesabu ndio hii: kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja tu, unahitaji karibu gramu 58 za chumvi. Maji ya bahari yenyewe iko na gramu 35 hivi kwa lita. Kwa digrii mbili, mathe angekuwa anatuuzia kitu imepita bahari mara tatu, na sisi tungekuwa tushazikwa. Mathe hakufurahia kuskia jina lake na neno chumvi zikikaa sentensi moja, akaanza kukusanya vikombe kabla hatujamaliza. Ni konda alitoboa siri. Ncha ya kipimajoto ilikuwa imelala chini kabisa, imeguza chuma ya sufuria, na hio chuma iko juu ya makaa. Akaiinua hadi katikati ya maji. Ikashuka, ikashuka, ikatulia 94 na pointi kadhaa. Meza ikapiga makofi. Wateja wawili walihama.

Ile ya githeri mathe ndio alitufunza, na hakuwa anatufunza, alikuwa anatuchapa na maneno. Mahindi na maharagwe zikilala kwa maji usiku mzima, afu uweke kaunga kidogo ka magadi, digrii sita zilizopotea hazikushtui. Magadi ni ile inatoka Ziwa Magadi huko Kajiado, na ndani yake kuna sodiamu kaboneti na ndugu yake baikaboneti. Kitu inafanya madondo ibaki ngumu ni pektini, gundi inayoshikanisha seli, na hio gundi nayo inashikiliwa na kalsiamu. Magadi inaleta sodiamu ichukue kiti ya kalsiamu na inageuza maji kuwa alikali. Gundi inaachilia, madondo inalainika. Kuna bei yake: vitamini B1 haiwezani na alikali, na ukizidisha mkono unamanga sabuni. Mathe hajawahi skia pektini maisha yake yote, lakini kipimo cha ncha ya kijiko anakijua gizani. Sisi pektini tunaijua na bado hakuna msee amewahi kuomba githeri ya kwetu.

Sufuria ya presha ndio inafanya kinyume cha mlima. Inafungia mvuke ndani, presha inapanda, maji inapita digrii 110 bila kuhepa. Msee wa Nyahururu akinunua moja amejishusha hadi chini ya Mombasa, na nauli hajalipa.

Sasa tuingie Nanyuki. Kama umewahi pitia pale kwa laini ya ikweta umecheki wale wasee wa jagi na beseni iko na tundu. Wanakupeleka hatua kama ishirini kaskazini, wanaweka kijiti ya kiberiti juu ya maji, inashuka ikizunguka upande mmoja. Mnavuka hatua ishirini kusini, inazunguka upande ule mwingine. Juu ya laini yenyewe inashuka tu wima, kijiti imetulia. Watalii wanashika mdomo, cheti inaandikwa, doo inatoka. Uganda wako nayo pia, pale Kayabwe kwa barabara ya Masaka.

Hao wasee mimi nawapea heshima zote. Ni waigizaji wa nguvu, na wanafanya watu wafikirie dunia inazunguka, kitu odijo wa jiografia alishindwa nacho term nzima. Lakini si ikweta inazungusha hio maji. Ni mkono. Ukimcheki vizuri, akienda upande wa kaskazini anageukia bega moja na beseni mkononi, akienda kusini anageukia lile lingine. Ama anamwaga maji kwa ukingo mmoja wa beseni. Maji ina kumbukumbu ndefu ya vile ilimwagwa; huo msukumo mdogo haujaisha, tundu linafunguliwa, na mzunguko unakaza vile maji inavutwa katikati.

Na ukitaka namba, hii ndio ilimaliza ubishi kwa base. Dunia ikizunguka, kila pahali ardhi inajigeuza kidogo chini ya miguu yako, na speed inategemea umbali wako na ikweta. Kwa ncha ya kaskazini ni raundi moja kwa siku. Boston ni kama saa 36. Nairobi, ju tuko karibu na laini, ni siku kama 44. Mita 20 kutoka laini pale Nanyuki? Raundi moja ni karibu miaka 870. Beseni inaisha maji kwa dakika moja.

Mwaka wa 1962 kuna profesa wa MIT, Ascher Shapiro, alichoka na hii stori akaipima kimwanaume. Akachukua tangi ya upana wa karibu mita 1.8, akajaza maji, akaifunika, akaiacha saa 24 hadi maji isahau ilitoka wapi. Kizibo kilikuwa kwa chini, kikavutwa polepole. Dakika kumi na kitu za kwanza, hakuna kitu. Afu kijiti kilichokuwa kinaelea kikaanza kujigeuza, kinyume cha mshale wa saa. Mwaka wa 1965 wasee wa Sydney wakafanya yao na ikazunguka upande ule mwingine. Kwa hivyo nguvu ya dunia kuzunguka iko, ni vile haina haraka. Dhoruba za bahari zenye upana wa mamia ya kilomita ndio inaziwezana, na vile inapotelea hapa karibu na ikweta ni sababu moja hazizaliwi huku.

Konda alikaa akafikiria hio ya saa 24, akauliza: "Na msee wa Nanyuki akikungojesha hadi kesho ndio maji itulie, hio cheti itakuwa ngapi?"

Yenyewe ikweta iko na zawadi ya ukweli na hakuna mtu anaiuza: huku uko mwepesi. Dunia imefura hapa katikati, na pia inatuzungusha kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, basi mvuto unapungua kwa karibu nusu ya asilimia moja ukilinganisha na ncha za dunia. Msee wa kilo 70 huko kwa barafu, akileta mizani yake ya springi hapa, itasoma gramu kama 370 chini. Wale mabuda wa tao wa mizani ya kukanyaga wangeandika kwa katoni "punguza uzani bila mazoezi, wewe fika tu" wangeomoka. Lakini usiende kusumbua msee wa bucha mwenye mizani ya mawe, ju jiwe lake limepungua vile tu nyama imepungua. Kuhusu hizo 1,670, konda amewahi kuzitumia kazini. Abiria analalamika gari imekwama kwa jam, na yeye anamshow: "Mathe, tulia, hapo ulipo unaenda kuliko ndege." Haijawahi saidia.

Halafu vitu vya juu. Tarehe 30 Desemba 2024, kwa kijiji ya Mukuku, Makueni, pete ya chuma ilishuka kutoka anga: upana mita 2.5, kilo kama 500. Shirika la Anga la Kenya likakuja likasema ni kipande cha roketi. Base haikulala. Fundi alikuwa ashapiga hesabu ya skrepu, kilo 500 mara bei ya kilo, kabla dem wa maabara hajamkatia stima: mkataba wa anga wa 1967 unasema kitu kikirudi duniani bado ni cha mwenyewe. Habari mbaya. Lakini 1972 ukaja mwingine, na huo ni mtamu: kikiharibu mali yako huku chini, nchi iliyokirusha ndio inalipa. Kwa hivyo ikikushukia kwa shamba, usikimbilie kuiuza. Kimbilia kuhesabu mahindi iliyolaliwa.

Majuu hii tabia ya base iko hadi na tuzo. Inaitwa Ig Nobel, ilianza 1991 huko Marekani, aliyeianzisha ni Marc Abrahams, na inaenda kwa utafiti unaokufanya ucheke kwanza, afu ufikirie. Washindi wamewahi kupewa noti ya dola trilioni kumi. Za Zimbabwe. Tuzo zenyewe zinapeanwa na watu wameshinda Nobel ile ya ukweli. Na msee akirefusha hotuba, kulikuwa na kasichana kadogo kanapanda kwa jukwaa kanamwambia tafadhali nyamaza, nimeboeka, na kanarudia hivyo hivyo hadi profesa akae chini. Hako kasichana tungekaajiri kwa mazishi za ocha, kangekuwa na mboka kila Jumamosi.

Usidhani ni kudharauliana. Andre Geim alipata Ig Nobel ya 2000 ju ya kuelekeza sumaku kali kwa chura hadi chura akaelea hewani. Maji iliyo ndani ya mwili inasukumwa kidogo sana na sumaku, na sumaku ikiwa kali ya kutosha huo msukumo unabeba chura mzima. 2010 huyo huyo akapata Nobel ya fizikia kwa grafini, safu ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ambayo yeye na mwenzake walianza kuipata kwa kubandua penseli na selotepu. Nikiskia hivyo sishangai. Msee anayeuliza "chura anaeza elea?" bila kuona haya ndio huyo huyo atauliza "selotepu inaeza bandua hadi wapi?"

Lakini favourite yangu ni ya 2006, ju ni ya huku kwetu. Waholanzi wawili, Bart Knols na Ruurd de Jong, walitaka kujua mbu wa malaria anakuuma wapi akipewa uhuru. Wakakalisha msee uchi kwa kiti, wakafungulia mbu. Huyu wetu wa Afrika, Anofelesi gambiae, hakupoteza taimu kwa uso. Alishuka moja kwa moja kwa miguu. Miguu ikaoshwa na sabuni ya kuua bakteria, na mbu wakachanganyikiwa, wakaanza kuuma ovyo. Kumbe walikuwa wanafuata harufu ya bakteria za vidole, ambazo ni jamaa za zile zinazotengeneza jibini flani ya Ulaya inaitwa Limburger, inayonuka miguu hadi wenyewe wanakubali. Wakajaribu hio jibini. Mbu akaipenda.

Cheka, afu ucheki imeenda wapi. Huko Ifakara, Tanzania, Fredros Okumu, Mkenya, na wenzake walitengeneza mchanganyiko wa kemikali unaonuka kama binadamu. Mwaka wa 2010 wakatoa matokeo: ukiweka huo mchanganyiko kwa kibanda kimoja na mtu amelala kwa kibanda kingine, mchanganyiko unavuta mbu mara tatu hadi tano kuliko mtu. Ukiwaweka nyumba moja, mbu harudii hio makosa, mtu bado anawika. Baadaye hadi soksi zimevaliwa zikaingia kwa hio kazi ya mitego. Kuna msee kwa base yetu, jina nahifadhi, alivyoskia hivyo alitaka kujua kama Ifakara wananunua ama wanachukua tu kama msaada.

Na wale wa tei pia wamepimwa. Burkina Faso, mwaka huo huo wa 2010, watafiti walipea watu pombe ya mtama ya huko, wengine wakapewa maji, afu harufu zao zikapelekwa kwa mbu. Wa pombe walipendwa zaidi. Wa maji hawakubadilika. Fundi alisoma hio akasema angalau kuna mtu anampenda Ijumaa usiku.

Kuna kicheko nyingine, na hio siipendi. Hio ndio ilimpata Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963, akiwa form three Magamba huko Tanganyika, walikuwa wanatengeneza aiskrimu shuleni. Unachemsha maziwa na sukari, unangoja ipoe, unaweka kwa friza. Nafasi kwa friza ilikuwa inaisha, akatupa yake ndani ikiwa moto. Baada ya kama saa moja na nusu, yake ilikuwa imeganda na ya mwenzake aliyeweka ya baridi bado ilikuwa uji. Akauliza tichee. Akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na huyo tichee mpya akasema hio si fizikia ya dunia, hio ni fizikia ya Mpemba. Darasa ikaiokota. Akikosea hesabu, wanamwambia hio ni hesabu ya Mpemba.

Cheki tofauti. Mathe alitucheka na akaturuhusu tuingize kipimajoto kwa ndengu. Huyo tichee alicheka ndio asiingize. Bahati nzuri Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akatembelea Mkwawa, na Mpemba akainua mkono akauliza lile lile swali mbele ya watu wote. Wenzake wakaguna. Osborne naye aliona ni kama haiwezekani, lakini aliahidi ataipima, na akarudi Dar akaipimisha. Mwaka wa 1969 majina ya Mpemba na Osborne yakatoka pamoja kwa karatasi ya kisayansi, na leo hio kitu inaitwa athari ya Mpemba kila mahali. Ile ilikuwa tusi ndio imebaki jina.

Kama ni ukweli? Hapo ndio utamu. Mwaka wa 2012 chama cha kemia cha Uingereza kiliuliza watu waeleze, majibu yakaja zaidi ya 22,000. Mwaka wa 2016 wasee wawili, Burridge na Linden, wakapima upya wakasema kwa maji ya kawaida hawaioni, na hata kuweka kipimajoto sentimita moja juu ama chini kunaeza kukudanganya. (Sisi tulitikisa kichwa hapo kama wazee wa kanisa.) Mwaka wa 2020 Kumar na Bechhoefer wakaionyesha wazi, lakini si kwa maji ya kuganda, ni kwa chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji na kusukumwa na mwanga wa leza. Basi kila mtu ako na kitu ya kushikilia.

Kwa base tumegawanyika mbili. Fundi anasema ni mvuke: maji moto inapoteza sehemu yake hewani, inabaki kidogo, kidogo inaganda haraka. Dem wa maabara anasema ni friza: sufuria moto inayeyusha ile barafu ya kwa sakafu ya friza, inakaa vizuri kwa chuma, inanyonywa joto. Konda hakubali yoyote hadi mtu amwambie kwanza "kuganda" ni lini, ni ile barafu ya kwanza ikitokea ama ni ikiwa jiwe kabisa, ju hizo ni mbio mbili tofauti. Njia ya kupima tuko nayo: vikombe viwili sawa, maji ya mfereji mmoja, kimoja digrii 90 na kingine 25, vikae pamoja kwa friza, kila dakika kumi mtu afungue acheki. Kufungua ndio imeleta shida. Friza tuliyolenga ni ya mathe wa duka, yule wa kuuza maziwa na barafu ya bob kumi, na tulimtuma dem ju ndiye anaongea vizuri.

"Wanangu," mathe akajibu, "maziwa yangu yakiharibika kwa sababu mnafungua fungua, huyo Mpemba atanilipa?"

Fundi alijaribu kumweleza kuhusu mkataba wa 1972.